Kwa nini tunageuza biti zote na kuongeza moja tunapotoa katika mfumo wa mbili?

Mwanafunzi wa Jioni, Mbagala

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninasoma kozi ya jioni ya misingi ya kompyuta hapa Dar es Salaam, na kwa wiki ya tatu sasa tuko kwenye mifumo ya namba. Kubadili namba kutoka mfumo wa kumi kwenda mfumo wa mbili hakunisumbui tena, kwani nagawanya kwa mbili, naandika masalio, kisha nayasoma kuanzia chini kwenda juu. Kujumlisha nako nimekuelewa: moja na moja ni 10, yaani unaandika sifuri na kubeba moja, kama tulivyofanya shule ya msingi tisa ilipokutana na moja.

Kinachonikwamisha ni kutoa. Mkufunzi alituambia tusihangaike na kukopa, bali katika namba inayotolewa tugeuze kila biti, yaani kila tarakimu ya mfumo wa mbili, sifuri iwe moja na moja iwe sifuri, tuongeze moja, kisha tujumlishe. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba hilo ni la kukariri. Nimejaribu 13 kutoa 5 kwa biti nane na jibu likaja 8 sawasawa, isipokuwa kuna moja iliyochomoza mkono wa kushoto ambayo tuliambiwa tuitupe, nami siwezi kuitupa tarakimu bila kujua kosa lake. Zaidi ya hapo, programu yangu ndogo niliyoiandika kwa lugha ya Java ilijumlisha 100 na 100, ikahifadhi jumla katika aina ya data yenye biti nane, ikanipa -56. Naomba mwenye kujua anifafanulie.

Fundi Saketi, Kariakoo

Ndugu yangu, ziache biti kidogo utazame saa ya ukutani. Ikiwa sasa ni saa mbili na ukaurudisha mshale nyuma kwa saa tano, utafika saa tisa. Uanzishe tena kwenye saa mbili, safari hii uusogeze mbele kwa saa saba: umefika saa tisa ile ile. Kwenye uso wa saa, kutoa tano na kujumlisha saba ni jambo moja, kwa kuwa tano na saba zinatimiza kumi na mbili, na kumi na mbili ni mzunguko mzima unaokurudisha ulipokuwa.

Namba ya biti nane ni saa yenye alama 256, kuanzia 0 hadi 255, kwa hiyo kutoa 5 ni sawa na kujumlisha 251. Linabaki swali la namna ya kuipata hiyo 251 bila kutoa, maana kutoa ndiko tunakokukwepa. Chukua daftari la miraba, andika 00000101, na chini yake andika 11111010, ambayo ni ile ile iliyogeuzwa. Utaona kwamba kila safu ina moja juu au chini, kamwe si kote kuwili, hivyo jumla yake ni 11111111, yaani 255, na itakuwa hivyo kwa namba yoyote utakayoanza nayo. Sasa ongeza moja uitazame inavyobebwa kutoka safu hadi safu, ikiacha sifuri tupu nyuma yake, mpaka inatoka nje ya mraba wa nane. Ndiyo sababu ya kuongeza moja: 255 inakuwa 256. Na ile moja uliyoionea huruma ni mzunguko mmoja kamili wa saa, ambao hauna mraba wa kukaa.

Namba inayopatikana kwa njia hii huitwa kijalizo cha mbili. Faida yake kwetu tunaoshika saketi ni kwamba ile ile inayojumlisha ndiyo inayotoa, ikiongezewa tu sehemu ndogo ya kugeuza biti.

Dada wa Kijitonyama

Mfano wa saa nimeupenda, lakini kaka Fundi hajaigusa -56. Biti 11001000 zenyewe hazijui kama ni 200 au -56. Anayeamua ni aina ya data uliyoitangaza. Kwenye aina inayoruhusu hasi, mraba wa kushoto kabisa huhesabiwa -128 badala ya 128, na mingine inabaki na thamani zake za kawaida. Hesabu mwenyewe: -128 na 64 na 8 ni -56. Upande wa chanya unakomea 127, kwa hiyo 200 ilikosa kiti na ikakaa upande wa pili.

Msidhani ni mambo ya daftarini tu. Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, katika biti 32 zinazoruhusu hasi, ambazo mwisho wake ni 2,147,483,647. Zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za hapa kwetu, na sekunde inayofuata mfumo ambao haujarekebishwa utadhani uko Desemba 1901. Dawa yake ni kuhamia biti 64.

Heksadesimali, yaani mfumo wa kumi na sita ambamo A hadi F husimama badala ya 10 hadi 15, hukuiuliza, lakini mkufunzi atawafikisha huko. Ni mwandiko wa mkato tu: kila biti nne tarakimu moja, 1100 ni C, 1000 ni 8, kwa hiyo 11001000 ni C8.

Mwanafunzi wa Jioni, Mbagala

Ahsanteni sana, kaka na dada. Leo nikiwa kwenye foleni ndani ya daladala nimefanya 20 kutoa 33 nyuma ya risiti, nikapata 11110011, na kwa njia ya dada ikasomeka -13. Furaha haikudumu, kwa sababu nilijaribu kutafuta kinyume cha -128. Nimegeuza 10000000 ikawa 01111111, nikaongeza moja, ikarudi 10000000. Nimerudia mara tatu. Nimekosea wapi?

Fundi Saketi, Kariakoo

Hujakosea. Rudi kwenye saa yetu, usimame kwenye kumi na mbili, ambayo ndiyo sifuri. Nenda mbele saa sita. Kisha urudi mwanzo na uende nyuma saa sita. Umefika pale pale. Katika duara la alama 256, -128 ndiyo hiyo saa sita, na kwa kuwa mraba wake wa kushoto una moja, imehesabiwa upande wa hasi, ikaachwa bila mwenzake upande wa chanya. Ijaribu kwenye Java hiyo hiyo: iombe thamani chanya ya -2,147,483,648, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote katika biti 32, na itakurudishia hiyo hiyo pamoja na alama yake ya kutoa.