Jirani ananiletea chakula chenye nguruwe mwezi wa nne sasa, na nimeshamdanganya. Naombeni ushauri

BintiChumbageni:

Wakuu habari za humu. Mimi ni wa kusoma na kupita, ila leo yamenifika shingoni.

Niko Granada, kusini mwa Hispania, tangu Oktoba. Mume wangu anasoma hapa, nami nimemfuata. Tunakaa Zaidín, ghorofa ya tatu. Ni mtaa wa watu wa kawaida, una bucha, vinyozi na wazee wanaota jua kwenye mabenchi. Watu wa nyumbani wakisikia "Hispania ya kusini" wanadhani joto mwaka mzima. Mji huu uko juu, milima yenye theluji naiona nikianika nguo. Na nyumba zenyewe zimejengwa kwa kuogopa jua la Julai: sakafu ya vigae, na kwetu hakuna hata mashine ya kupasha joto. Novemba nilikuwa navaa koti ndani, nikitoka nje juani nalivua.

Basi siku moja bibi wa mlango wa pili, mjane wa miaka sabini na kitu, akanikuta kwenye ngazi natetemeka na mfuko wangu wa viazi. Hakuniuliza hata jina. Alinishika mkono akanivuta kwake, akanikalisha kwenye meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito mpaka chini. Akakiinua, akaisukuma miguu yangu ndani kama anayesokomeza kuni. Kumbe chini ya meza kuna jiko la umeme, wanaliita brasero. Vidole vikaanza kuwasha kwa kurudiwa na damu. Machozi yalinitoka, nikasingizia kitunguu alichokuwa anakata.

Kesho yake akagonga na sufuria ya adesi. Nafunua kifuniko, juu inaelea miduara myekundu ya soseji ya nguruwe.

Sasa niseme nini? Mtu amenipa moto, nimrudishie sufuria yake mlangoni? Nimelelewa Tanga, chakula cha jirani hakikataliwi, na chombo chake hakirudi kitupu. Nikapokea, nikashukuru. Kumtupia riziki yake kwenye jalala sikuweza, nikampelekea kijana wa Kameruni anayekaa ghorofa ya kwanza, mwanafunzi, Mkristo, hapiki. Sufuria nikaiosha, nikaijaza visheti, nikarudisha.

Hapo ndipo nilipojiroga. Bibi akaona biashara imefunguliwa. Akaleta maharage mabichi na vipande vya paja la nguruwe. Nikarudisha sambusa. Akaleta croquetas, vile vitonge vya kukaanga, navyo vina nguruwe ndani, nikarudisha bajia. Krismasi akaleta boksi la mantecados, vile vibiskuti vya kusagika mdomoni, nikasema alhamdulillahi leo kitamu kitupu. Mume wangu akasoma nyuma ya boksi: unga, sukari, lozi, mafuta ya nguruwe. Vikashuka ghorofa ya kwanza.

Mtauliza, haoni kilemba? Anakiona, anakisifu. Anadhani ni urembo wa Kiafrika. Kwake yeye Mwislamu ni Mmoroko.

Wiki iliyopita yule kijana, Mungu amsamehe, akapandisha sufuria mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Na bibi huyo hapo, ametoka na takataka. Sufuria yake ya bati la rangi ya maziwa, imebanduka kidogo mkononi, hata mimi ningeijua gizani. Akatutazama. Ulimi wangu ukasema wenyewe: mume wangu tumbo linamsumbua, hali kitu, ndiyo maana tukagawa.

Tangu siku hiyo analeta mchuzi wa mgonjwa kila siku. Kila siku! Wa kuku, dengu, mfupa wa nguruwe na kipande cha mafuta yake. Jengo zima linamuuliza mume wangu hali ya tumbo. Mwenye baa ya chini jana alimkatalia kahawa, akampa chai ya maua bure. Mume wangu hajambo, anacheza mpira Jumamosi, sasa anaogopa kuonekana na jezi.

Yeye anasema nikamwambie ukweli. Mimi uso sina. Nifanyeje?

Mzee_wa_Kijiweni:

Mtoa mada, nimecheka mpaka wateja wamegeuka. Mume anaumwa kwa taarifa ya mke 😂😂 Mimi niko Moro, huyo kijana wa Kameruni akichoka kula nishtueni.

UmmuSalma:

Dada yangu, kuwapa wengine mimi sikulaumu. Nakulaumu kwa tumbo la mumeo. Unamwombea mtu maradhi na ilhali ni mzima! Kamwambie kabla ulimi haujaumba.

Mjuaji255:

Hao wanafanya makusudi. Wanajua kabisa wewe ni Mwislamu, wanakupima imani.

MamaMalaga:

@Mjuaji255 hapana bwana. Bibi wa miaka sabini hasimami jikoni kwa muda wa saa tatu akichemsha mifupa ili ampime mtu imani. Tumuache.

BintiChumbageni mdogo wangu, mimi niko Málaga mwaka wa kumi na moja. Nimezaa huku, nimezika mkwe huku. Nisikilize.

Kosa lililonifundisha mapema ni neno "carne", yaani nyama. Usije ukamwambia huli "carne". Mwaka wangu wa kwanza niliagiza salmorejo, ile supu baridi ya nyanya, nikasisitiza isiwe na nyama. Ikaja imenyunyiziwa vipande vyekundu juu. Namuuliza mhudumu, ananishangaa kweli kweli: hiyo si nyama, ni jamón! Yaani paja la nguruwe lililokaushwa. Kichwani mwao nyama ni ile ya kuchoma na kukaanga. Jamón ni kama chumvi, inapita popote. Kwa hiyo neno lako ni cerdo, nguruwe. "No comemos cerdo", hatuli nguruwe. Basi, usiongeze mkia.

La pili ni saa. Usiende kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Watu ndiyo wametoka kula, maduka yamefungwa, mapazia ya mbao yameshushwa, huo muda hata mwizi amelala. Nenda saa kumi na mbili jioni, wakati wa kahawa na kitu kitamu. Na usiseme mlangoni wala kwenye ngazi. Ngazi za huku zina masikio, ukisema neno ghorofa ya tatu, wa chini wanalimalizia. Ingia, kaa, weka miguu chini ya ile meza, ndipo useme.

La tatu, jiandae kwa kelele. Watu wa huku wakishangaa wanapaza sauti, wanashika kichwa, wanamwita Bikira Maria na ukoo wake wote. Mimi zamani nilidhani ni ugomvi. Ugomvi wao ni ukimya. Akinyamaza, hapo ndipo uogope.

Na una bahati ya kalenda. Kwaresima mwaka huu wa 2026 inaanza Februari 18, na Ramadhani inaingia siku hizo hizo. Wakati huo wenyewe wanapika potaje: dengu, mchicha wa kwao na samaki aina ya bacalao aliyekaushwa kwa chumvi. Mwombe akufundishe. Mpishi ukimwomba mapishi umemfunga mdomo.

Wa_Plastiki:

Sasa dada, mimi ni Mkenya, niko El Ejido huko Almería, kwenye zile nyumba za plastiki za nyanya na pilipili hoho. Usije ukasema ni mzio! Mimi nilisema hivyo. Wenzangu kazini walikuwa wananigawia mkate wao wenye chorizo kila siku saa nne, nikaona aibu, nikawaambia nina mzio wa nguruwe. Msimamizi wetu ana roho safi, akaandika mahali. Agosti nikaanguka kwa joto, mle ndani ni tanuri. Nafungua macho, muuguzi amenishika mkono anauliza: nani amempa nguruwe? Badala ya maji wanatafuta sandwichi. Sema ukweli tu, hao watu hawana shida.

Mwana_wa_Kadhi:

Niongeze la historia, maana uko Granada, si mahali pa mchezo. Mji huo ulikuwa wa mwisho wa Waislamu Hispania, ukakabidhiwa Januari 2, 1492, na kila Januari 2 wanaadhimisha bado. Nadhani mliwasikia mwezi uliopita. Waislamu waliobaki wakalazimishwa kubatizwa miaka michache baadaye, wakaitwa Moriscos. Mahakama za dini za Kikatoliki, Inquisition, zilikuwa zinawachunguza mpaka jikoni: nani hapiki kwa mafuta ya nguruwe, nani anaoga Ijumaa. Wakaasi milimani Alpujarra mwaka 1568, na kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa nchini. Leo milima hiyo hiyo, kijiji cha Trevélez, ndiyo inayosifika kwa mapaja ya nguruwe. Uliyaona yanavyoning'inia baa, yamechomekewa vikombe vidogo chini ya kudondoshea mafuta? Mimi kila nikiviona vile vikombe nawaza mengi.

Lakini lugha yao, Kiarabu, haikufukuzwa. Sikiliza jirani yako: mtu asiyejulikana jina anamwita fulano, ni fulani wetu huyo. Sukari azúcar, zeituni aceituna, mateka rehén, na sisi tuna rehani. Ila angalia "mezquino". Ni maskini wetu huyu huyu, lakini kwao ni bahili. Usije ukamwambia bibi wa watu ni mezquino kwa kumwonea huruma.

MamaMalaga:

@Mwana_wa_Kadhi somo zuri, ila asimfikishie bibi wa watu 1492 kwenye kahawa. Apeleke kaimati.

BintiChumbageni:

Nimerudi wakuu. Nimekwenda.

Saa kumi na mbili kamili, na bakuli la kaimati. Sentensi yangu nimeifanyia mazoezi bafuni kama mwanafunzi wa mtihani. Nimekaa, nimeingiza miguu, nimesema: No comemos cerdo. Somos musulmanes, sisi ni Waislamu.

Akasema: kama Wamoroko? Nikasema ndiyo. Akasema: lakini si ulisema unatoka Afrika? Nikaona hilo nilipitie mbali, siku nyingine.

Hakupiga kelele. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole. Adesi? Ndiyo, zilikuwa na nguruwe. Maharage? Ndiyo. Croquetas? Ndiyo. Akafika kidole cha nne, akaniangalia: na mantecados? Nikainamisha kichwa.

Akauliza swali moja tu: nani alikula?

Nikamwambia kijana wa ghorofa ya kwanza. "Vyote?" Vyote. "Na mchuzi?" Na mchuzi. Akavuta pumzi, nikaona mabega yameshuka. Nadhani lililokuwa linamuuma ni kufikiria jalala.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepona. Lakini akauliza: na tumbo la mumeo? Nikakumbuka maneno ya UmmuSalma, nikasema haumwi, sijui kwa nini nilisema vile. Hapo ndipo akanyamaza. Akainuka, akaenda jikoni kukoroga kitu ambacho hakikuwepo. Kwa mgongo akaniambia kwamba Jumapili alikwenda kwa Bikira wa Angustias, msimamizi wa mji huu, akawasha mshumaa kwa ajili ya tumbo la mume wangu. "Nimeulipia," akasema.

Nimetoka pale mdogo kama punje.

Siku mbili kimya. MamaMalaga ulisema niogope ukimya, nikauogopa. Kwenye lifti "buenos días" kavu, na huku salamu ya lifti si kitu cha kuchezea. Hata hospitali mtu akiingia chumba cha kusubiri anawasalimia wote, kisha anauliza nani wa mwisho, foleni yote iko vichwani. Nilishaanza kuwaona watu wa nyumbani. Basi salamu kavu ikaniuma kuliko kutosalimiwa.

Siku ya tatu, mlango. Amesimama na ile sufuria iliyobanduka. Hakungoja Kwaresima. Akafunua kifuniko hapo hapo, akaninyooshea kidole kimoja kimoja: dengu. Mchicha. Bacalao. Yai. Kitunguu saumu. Mafuta ya zeituni. "Na nilipika kwenye sufuria nyingine, hii ni ya kubebea tu." Sikuwa nimemwomba hilo. Sijui nani kamfundisha.

Tumekula mpaka tukafuta kwa mkate. Mume wangu kaongeza mara mbili, mgonjwa wetu.

Sasa jengo zima linajua. Mwenye baa ananipigia kelele toka ng'ambo ya barabara kwamba leo kuna samaki. Kijana wa Kameruni amekuja kulalamika: bibi anampelekea moja kwa moja, anasimama pale pale kuona anavyokula, na hamruhusu aache. Nami nikamuuliza bibi juu ya mshumaa, kwamba nitamrudishia hela yake. Akakataa. Ameshaongea na Bikira, ameuhamishia kwenye goti lake la kushoto.

Swali la mwisho wakuu: Ramadhani nataka nimpikie futari ya kwetu, mihogo ya nazi. Mihogo nimeiona kwa Walatino. Nazi iko wapi mji huu?

Wa_Plastiki:

Kwa Wachina, ya kopo. Tikisa kwanza usikie, ikiwa kimya imeganda, nzuri hiyo.

Mzee_wa_Kijiweni:

Na goti?

BintiChumbageni:

@Mzee_wa_Kijiweni bado linamuuma. Anasema mshumaa wa mkono wa pili unachelewa.