Tupeane uzoefu: Injini ya gari la zamani imetoka ovahoo, presha ya oili imepanda kupita kiasi

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa wenye magari ya zamani waliofumua injini, wakaifunga upya, halafu sindano ya geji ya oili ikagoma kushuka. Presha ndogo kila mtu anaiogopa. Presha kubwa watu wanaifurahia, na kwa furaha hiyo nusura niiue injini ya marehemu baba.

Gari ni Land Rover Series III 109 ya petroli, injini ya cc 2,286. Niko Iringa. Kranki (shafti kuu ya injini) ilichongwa, beringi zote zikawekwa mpya, na pampu ya oili mpya. Siku ya kuwasha geji ikaruka hadi psi 100. Nikazunguka nayo nusu saa, ikatulia 85 na haikushuka tena. Fundi akanipongeza: "Mdogo wangu, hiyo ndiyo injini sasa!" Lakini kitabu cha gari kinataka 35 hadi 65, injini ikiwa ya moto kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Siku ya tatu mpira wa bakuli la filta ukaanza kuvuja. Nikabadilisha, ukavuja tena.

Hapo nikaanza kufuatilia kwa utaratibu. Nikaazima geji ya bomba, ile isiyotumia umeme, nikaifunga mahali pa swichi ya taa ya oili: 80. Kwa hiyo presha ilikuwa kubwa kweli. Nikageukia oili. Fundi alikuwa ameweka namba 50 kwa imani kwamba injini mpya inataka oili nzito. Ni kinyume chake: beringi mpya zina nafasi ndogo, na kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa saba oili hiyo asubuhi ni kama uji. Nikamwaga, nikaweka 20W-50, ambayo ikiwa ya baridi ni nyepesi zaidi. Ya asubuhi ikashuka hadi 88, ya moto ikabaki 80 vilevile. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, maana 20W-50 ikishapata moto uzito wake ni ule wa namba 50. Lakini pia ilinionyesha kwamba kuna kitu kinaishikilia presha hapo kwenye themanini.

Kitu hicho ni valvu ya kuachia presha: kipistoni kinachobanwa na springi, presha ikizidi kinasukumwa na oili ya ziada inarudi chini. Kwenye injini hii iko kwenye mwili wa pampu, ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), kwa hiyo sampu ikashushwa. Springi ya pampu mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani kwa milimita 3 hivi, na ngumu. Kwa bahati pampu ya zamani ilikuwa bado kwenye kopo la vyuma chakavu. Nikahamisha springi yake, nikasafisha kipistoni mpaka kikawa kinateleza kwa uzito wake mwenyewe, tukafunga. Ikiwa ya moto: 58. Filta haijavuja tena.

Naomba tuelewane kwenye jambo moja. Geji inaonyesha ugumu wa njia inayopita oili, haionyeshi ni oili kiasi gani imefika kwenye beringi. Tena kwenye Land Rover hizi gia ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) inayozungusha distributa (kigawa umeme wa plagi) ndiyo hiyohiyo inayozungusha pampu, na presha ikizidi mzigo wote unaishia kwenye meno ya gia hiyo.

Karibuni na yenu.

Mdau wa Unguja

Assalaam aleikum ndugu zangu. Yangu ni Morris Minor ya cc 1,098. Ilikuja kwangu ikiwa hoi, ikatoa moshi mwaka mzima, ndipo nikaifanyia ovahoo. Presha ikafika 95 na ikakaa hapo, wakati gari hizi zikitembea zinatosheka na 60. Kwenye injini hii valvu haiko ndani ya sampu. Iko nyuma ya bloku, chini ya nati yenye kichwa cha mviringo, unaifikia kwa spana tu. Nilipofungua nilikuta washa mbili zimepachikwa nyuma ya springi. Mtu wa zamani alizitia ili presha ipande wakati beringi zimeliwa, naye akauza gari geji ikionyesha uzima. Beringi mpya zilipoingia, washa zile zikawa adui. Nilizitoa, nikarudi 60. Anayenunua gari la zamani afungue pale kabla hajalipa.

Mdau wa Nairobi

Yangu ni VW Beetle, na nilihangaika wiki mbili bure. Geji ilionyesha bar 8 asubuhi, yaani kama psi 116. Niliogopa sana kwa sababu kwenye Beetle presha ikizidi, kipoza oili ndicho kinachopasuka au kuvuja kwenye sili. Nikafungua bolti kubwa chini ya injini, kipistoni kikateremka chenyewe, hakikuwa kimekwama. Kumbe niliuziwa geji ya bar 10 na sensa (kile kipimio kinachofungwa kwenye injini) ya bar 5. Zinafanana kwa macho, na zote zinaishia kwenye ohm 180 na kitu, kwa hiyo geji ilikuwa inazidisha mara mbili. Juu ya hapo nilikuwa nimezungushia sensa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Sensa ya aina hiyo inapata arthi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi zake za kufungia. Tepu ikiziba, ukinzani unaongezeka na sindano inapanda. Angalieni nambari iliyopigwa kwenye sensa.

Mdau wa Dodoma

Mimi sikupona. Land Cruiser FJ40, injini 2F. Presha ilikuwa juu, nikaambiwa niwe na subira injini ijizoeze. Baada ya siku kumi ikaanza mlio wa kugongagonga juu. Nilipofungua kifuniko cha valvu, roka (vile vikono vinavyosukuma valvu) zilikuwa kavu kabisa, shafti yake imechubuka. Bushi moja ya kamshafti (pete ambamo shafti inazungukia) iligongwa kuingia tundu lake likiwa halijakaa sawa na tundu la bloku. Njia ya oili kwenda juu iliziba, geji ikawa inasoma presha ya oili isiyokuwa na pa kwenda. Baada ya kuwasha injini mpya fungua kifuniko, tazama kwa macho yako oili ikichuruzika kwenye roka. Ni kazi ya dakika tano.

Mdau wa Moshi

Wakuu, ya kwangu Land Rover kama ya mwenye uzi: 75 asubuhi, 42 ikishapata moto. Nifumue?

Mwenye uzi

Hapana mkuu, usiguse kitu. Hiyo ni nzima. Asubuhi iache sailensi kwanza (iungurume taratibu yenyewe), usiikanyage mpaka ipate joto. Mdau wa Dodoma, pole sana. Nitafungua kifuniko changu kesho asubuhi, sikuwahi kukiangalia.