Nimekubali hoja moja ya upande wa pili kwenye insha, nikakatwa alama. Hivi tunafundishwa nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Leo tumerudishiwa insha za Kiingereza, zile za kushawishi. Nimepata 11 kwa 20. Alama ningeimeza. Sababu ndiyo imenikaa kooni.

Mada ilikuwa simu zipigwe marufuku darasani au la. Nikatetea zipigwe. Aya ya tatu nikaanza na hoja nzito kuliko zote za wapinzani: kuna mwanafunzi ambaye simu ndiyo kamusi yake pekee. Nikakiri hapo wana haki. Kisha nikajibu kwamba simu zikae mezani kwa mwalimu, zitolewe siku ya kazi ya msamiati, kazi ikiisha zirudi. Aya hiyo niliifuta na kuiandika upya mara nne. Mwalimu kaikata kwa kalamu nyekundu kona hadi kona, pembeni kaandika: "Unajipinga. Uko upande gani?"

Jirani yangu wa dawati kapata 17. Aya yake ya pili inasema utafiti umeonyesha asilimia 90 ya wanafunzi hufeli kwa sababu ya simu. Pembeni tiki mbili na "Ushahidi mzuri!" Nikamuuliza, utafiti gani huo? Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kautunga dakika tano kabla ya kukusanya. Na hata ungekuwa wa kweli, simu ndizo zinazowafelisha, au waliokwisha kukata tamaa na masomo ndio wanaokimbilia simu? Swali la namna hiyo sijalisikia darasani kwetu muhula mzima.

Tunachoulizwa ni rangi. Njia tatu za kushawishi: ethos (kuaminika kwa msemaji) nyekundu, pathos (hisia) bluu, logos (hoja) kijani. Tulipewa barua ya Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi Marekani, ile ya Aprili 1963 aliyoiandika akiwa jela Birmingham, tukaipaka rangi wiki mbili kama chekechea. Wiki mbili! Mimi kalamu ya bluu iliniishia. Hakuna aliyeuliza barua ile inashawishi kwa njia gani. Isomeni muone. Viongozi wa dini wanane walikuwa wamelaumu maandamano. Yeye anazichukua lawama moja moja na kuzijibu. Moja ni hii: inakuwaje watu wanaohimiza hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni itiiwe, wao wenyewe wavunje sheria nyingine? Anakubali kabisa kwamba wasiwasi huo una msingi. Ndipo anapotenganisha sheria ya haki na sheria dhalimu. Angekusanya kwa mwalimu wetu, naye angeulizwa yuko upande gani.

Na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambaye maneno yake hayo matatu tumeyabandika ukutani, ndiye aliyefundisha kwamba msemaji aweze kutetea pande zote mbili. Hakutaka watu wadanganye. Alitaka walione jambo lilivyo na waweze kumjibu anayepotosha. Sehemu hiyo kwenye bango haipo.

Nilimfuata ofisini. Nikamwamkia vizuri, nikaomba anielekeze nilipokosea. Akasema, "Mwanangu, mtihani hauna muda na falsafa. Dai, sababu tatu, hitimisho." Halafu akanionyesha kwamba sina "Furthermore" hata moja. Kusema kweli nilimhurumia kidogo, maana madaftari yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa dirisha, na ukisahihisha mzigo ule lazima utafute kitu chepesi cha kuhesabu. Lakini mimi nifanyeje? Nikijifunza kumficha mpinzani kwenye karatasi, siku nikikutana naye ana kwa ana nitamjibu nini?

Insha ijayo ni kazi za nyumbani, zifutwe au zibaki. Waliopita njia hii nisaidieni: niandike ninavyofikiri, au na mimi nitunge asilimia yangu? Nimeanza kuipigia hesabu 85, maana 90 imeshachukuliwa.