Tupeane uzoefu: nyumba uliyopanga ikipigwa mnada na benki, ulifanyaje?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari zenu. Kila ikizungumzwa habari ya benki kuuza nyumba, anazungumziwa mwenye nyumba na deni lake. Mpangaji hatajwi, na ndiye anayelala humo na watoto. Naomba tukusanye hapa yaliyotupata, wa Bongo, wa Kenya na mlioko ughaibuni, ili anayebandikiwa karatasi leo apate pa kuanzia.

Naanza mimi. Nilipanga Tabata, vyumba viwili na sebule, kodi ya mwaka mzima nimelipa kwa mkupuo kama tulivyozoeshwa mjini hapa. Siku moja asubuhi vijana wawili wakaja na kopo la gundi, wakabandika tangazo getini: mnada wa hadhara, namba ya kiwanja, jina la mwenye nyumba, tarehe. Tukampigia mwenye nyumba, simu imezimwa. Jirani wa chumba cha pili alianza kufunga vyombo siku hiyohiyo.

Mimi nilikwenda kwanza serikali ya mtaa. Mwenyekiti ni mtu mzima, haya ameyaona mara nyingi. Akanieleza kwamba ardhi haiuzwi kwa mnada mpaka tangazo la hadhara litolewe siku zisizopungua 14 kabla, hivyo nina muda, niutumie. Tena akanifungua macho kwa jambo moja: kabla ya tangazo hilo, Sheria ya Ardhi inaitaka benki impe mkopaji notisi, na siku 60 zipite ndipo iwe na haki ya kuuza. Maana yake mwenye nyumba alikuwa anajua zamani. Kuna mpangaji wa uani aliyelipishwa kodi ya miezi sita ndani ya kipindi hichohicho. Hilo liliniuma kuliko mnada wenyewe.

Nikaandika barua. Nikaambatisha nakala ya mkataba wa pango, risiti zote na barua ya utambulisho ya mtaa. Nakala moja benki, idara inayofuatilia mikopo, nyingine kwa kampuni ya udalali, na zote nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Siku ya mnada dalali, kabla hajaanza kupokea bei, akatangaza mbele ya watu kwamba nyumba ina wapangaji na baadhi yao wamelipia mpaka mwisho wa mwaka. Aliyenunua akanunua akijua. Tulikaa naye mezani kwa mwenyekiti, akakubali nimalize muda wangu, tukaandikishana. Jirani aliyehama kwa hofu hakupata kitu.

Sisemi mnunuzi atakubali kila mara. Mkataba uliotangulia rehani, au ule ambao benki iliuridhia kwa maandishi, unasimama vizuri. Uliokuja baada ya rehani bila benki kujua, hapo unabembeleza zaidi ya kudai. Ila usipojitokeza kwa karatasi kabla ya mnada, hata pa kubembeleza hupati.

Mchangiaji, Mbagala

Ahsante mkuu kwa uzi huu. Kwangu shida ilikuja baada ya mnada. Mwenye nyumba wa zamani alirudi kukusanya kodi kana kwamba hakuna kilichotokea, na mnunuzi naye akatuma mtu wake. Wapangaji wenzangu wawili walimpa yule wa zamani kwa sababu wamemzoea, ni mzee wa heshima, anaswali nao. Mwezi haujaisha wakadaiwa upya.

Mimi niliwaambia wote wawili kwa adabu: kodi ninayo, sikatai kulipa, nileteeni karatasi inayoonyesha nani wa kupokea. Mnunuzi akaleta hati ya mauzo kutoka kwa dalali na barua ya benki. Nikazipiga picha karatasi hizo, kodi yake nikampa kupitia benki ili ibaki kumbukumbu. Dada zangu na kaka zangu, msiache kulipa kodi kwa kisingizio cha mgogoro. Mpangaji mwenye malimbikizo ndiye wa kwanza kutolewa, na anatolewa kihalali. Umeme na maji pia, lipa ya kwako.

Mchangiaji, Nakuru

Hamjambo. Huku Kenya sheria imetutaja sisi wapangaji waziwazi na wengi hatujui. Sheria ya Ardhi ya 2012: mkopaji akishindwa kulipa, benki inampa ilani ya siku 90. Zikiisha, ilani ya kuuza, siku 40. Nakala ya hiyo ilani ya kuuza inafaa kupelekewa pia mpangaji aliye kwenye ardhi au jengo hilo, na nyingine ibandikwe mahali panapoonekana. Juu ya hiyo, dalali wa mnada naye anatoa siku 45 za mwenye mali kukomboa. Kwa hivyo mtu akikuambia umepewa wiki moja utoke, muulize hizo ilani ziko wapi.

Kwetu benki ilianza kwa kumweka msimamizi wa kupokea kodi kabla ya kuuza. Barua ikaja mlango kwa mlango: kuanzia mwezi huo kodi iende kwa akaunti fulani. Landlord akatupigia simu akitukataza. Tulienda watu wa ploti nzima mpaka tawi la benki, tukathibitisha barua ni ya kweli, ndipo tukalipa huko. Sheria inairuhusu benki kufanya hivyo. Mjue pia tapeli anaweza kuchapisha barua kama hiyo, hivyo nendeni kwa miguu yenu mkathibitishe.

Dipoziti ndiyo iliyotusumbua. Landlord alikuwa ashaila, na mnunuzi akasema hakuiona. Mpaka leo tunaidai.

Mchangiaji, Louisville, Kentucky

Jameni, mimi ni Mkongomani, tuko huku Marekani na familia. Karatasi ilikuja mlangoni, haina jina letu, imeandikwa tu kwa mkaaji wa nyumba. Mama alitaka kuitupa, alizani ni matangazo. Mtoto wangu wa sekondari ndiye aliisoma mpaka mwisho.

Huku kuna sheria ya taifa zima ya kulinda wapangaji nyumba inaponyanganywa na benki. Ilipitishwa 2009 wakati wa ule mgogoro mkubwa wa mikopo ya nyumba, ikakoma mwisho wa 2014, ikarudishwa 2018 na sasa haina mwisho. Mwenye nyumba mpya anapashwa kukupa notisi ya siku 90 zisizopungua. Ukiwa na mkataba wa muda, unaumaliza, isipokuwa mnunuzi anataka kuishi humo yeye mwenyewe, na hata hapo siku 90 ni zako. Mwenye voucha ya serikali ya kulipia nyumba, mkataba wake mwenye nyumba mpya anaurithi. Lakini uwe mpangaji wa kweli: si mke, mume, mtoto wala mzazi wa mwenye deni, na kodi yako isiwe ya chini sana kuliko bei ya soko.

Mtu alikuja kutupa pesa ili tutoke haraka tuache funguo. Si lazima kukubali. Tulienda kwa wanasheria wa msaada wa bure, wakaongea naye, tukakaa.

Mchangiaji, Mwanza

Wakuu, nimebandikiwa jana. Nimelipa mpaka Desemba, mkataba upo ila hauna shahidi. Nianzie wapi?

Mwanzisha mada

Pole sana ndugu. Piga picha tangazo lenyewe, tarehe na namba ya kiwanja zionekane, maana huwa yanabanduliwa. Mkataba bila shahidi bado ni mkataba. Tafuta risiti au muamala wa simu unaoonyesha ulimlipa, na mwenyekiti akuandikie kwamba unaishi hapo. Kesho peleka barua benki na kwa dalali, namba zake ziko chini ya tangazo. Usiondoe dirisha wala koki hata kama uliinunua wewe, iandike kwenye barua kama dai. Na mwenye nyumba mwandikie pia, umdai kodi ya miezi ambayo hutakaa, akikataa una cha kumpelekea mahakamani. Ukishagongewa mihuri rudi hapa utuambie benki wamesemaje.