Kuasili mtoto Korea Kusini: shirika kubwa au dogo?

MkeWaMinneapolis
Hamjambo wana jamvi. Mimi ni Mchaga wa Marangu, mume wangu alizaliwa Busan akaletwa Minnesota mwaka 1985, mtoto mchanga, kuasiliwa. Sasa tunataka mtoto kutoka huko huko kwao. Tumebaki na mashirika mawili.

La kwanza ni kubwa, lina watu wake Seoul, lakini ada ya maombi ukishalipa hairudi. La pili ni dogo, dakika ishirini kutoka nyumbani, unalipa kidogo kidogo, ila kule Korea linapitia kwa wenzao. Mume anataka kubwa. Mimi moyo uko kwa dogo, maana mama aliyetupokea alituuliza nani atabaki na mtoto tukiwa kazini, hakuanza na mshahara. Wenye uzoefu semeni.

BabaWawili_TX
Dada, sisi tulipita na kubwa, jina nalihifadhi. Binti tulimleta 2017. Safari mbili: ya kwanza wote wawili mbele ya jaji, ya pili kumchukua. Siku ya kuonana naye tulimkuta mgongoni kwa mama mlezi, amefungwa kitambaa. Mke wangu akaropoka, "Kumbe mbeleko!" Wao wanaiita podaegi. Yule mama alikuwa na daftari, kaandika kila kitu hadi saa anazosinzia. Mtu wa shirika pale Seoul alikaa nasi sakafuni akatutafsiria ukurasa kwa ukurasa. Hapo pesa yetu niliiona.

Tabu ilianza tuliporudi. Mtoto analia usiku kucha, barua pepe hazijibiwi wiki tatu. Kwa hiyo usilinganishe ada tu, uliza nani atapokea simu saa nane usiku.

MtangaMalmo
Nyie bado mnachagua! Huku Sweden shirika kubwa liliacha Korea mwaka 2023. Ng'ambo ya daraja, Denmark, shirika pekee lililokuwa limebaki lilitangaza kuacha kazi hiyo Januari 2024.

Kamau_South_B
Samahani, lakini kwani watoto huku kwetu wameisha?

MkeWaMinneapolis
Kaka Kamau, Kenya yenyewe ilisimamisha watoto kuasiliwa na wageni Novemba 2014. Na mume wangu anatafuta mtoto atakayefanana naye. Miaka yote ya shule hakuwa na mtu wa kufanana naye mezani.

AfisaUstawi
Nafanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Marekani. Dada, huo mzani wako ni wa zamani.

Tangu 19 Julai 2025 kumpangia mtoto wazazi si kazi ya mashirika tena kule Korea, imechukuliwa na serikali kupitia Wizara ya Afya na Ustawi. Oktoba 1 mwaka huo huo Mkataba wa Hague, ule wa kimataifa wa kulinda watoto wanaoasiliwa nje ya nchi zao, ukaanza kutumika kwao. Kwa hiyo "lina watu wake Seoul" haina uzito ule wa enzi za Baba Wawili. Desemba wakatangaza kwamba ifikapo 2029 hakuna mtoto atakayetoka nje. Mwaka 2025 walioruhusiwa ni 24. Miaka ya 80 walikuwa wanatoka kwa wastani zaidi ya elfu sita kwa mwaka!

Waulize wote wawili: kibali cha Hague mnacho? Chini ya utaratibu huu mpya mmeshapeleka faili hata moja? Atakayezungukazunguka, usimwachie hata senti. Halafu uraia: mmoja wenu lazima awe raia wa Marekani, green card peke yake haitoshi.

BabaWawili_TX
Afisa kanifungua macho. Nafuta ushauri wangu wa Seoul, ule wa simu ya usiku ubaki.

MkeWaMinneapolis
Mume ni raia. Sheria ya Marekani ya 2000, ya kuwapa uraia watoto walioasiliwa, ilipoanza kutumika Februari 2001 alikuwa hajafika 18, ikambeba. Rafiki yake aliyekuja miaka ile ile, mkubwa kwake kidogo, ilimpita.

Ngoja niseme na hili. Faili la mume limeandikwa yatima, kaokotwa mlangoni pa kituo cha polisi. Miaka mitatu iliyopita kipimo cha DNA kikamtoa dada wa tumbo moja, na mama yao hakuwahi kumtupa mtu. Machi 2025 tume ya ukweli ya Korea iliposema watoto waliandikwa yatima huku wazazi wanajulikana, alizima televisheni akaenda kuosha gari. Lilikuwa safi.

Nimemsomea majibu yenu. Hasemi tena kubwa wala dogo. Kesho saa nne asubuhi tunaenda kwa yule mama wa shirika dogo. Mume amelitia faili lake la 1985 kwenye bahasha, anasema yule mama alisome kwanza, ndipo atuonyeshe fomu zake.