Vidonge vya mafuta ya samaki: vinaingia kwenye damu au natupa hela?

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa wale mliosomea mambo haya.

Mwezi wa tatu nilipima mafuta kwenye damu, trigliseraidi zikasoma 3.4. Daktari akasema inatakiwa iwe chini ya 1.7, nipunguze soda na bia, nitembee. Mimi nikajiongeza: nikanunua kopo la vidonge vya mafuta ya samaki Kariakoo, vya 1000 mg. Nameza kimoja saa kumi na moja alfajiri na chai ya rangi, huyoo nakimbilia mwendokasi Kimara. Tukifika Manzese nacheua samaki mpaka jirani anageukia dirishani. Juzi nimerudia kipimo: 3.2. Mke wangu anasema mafuta yote yanaishia chooni. Ni kweli?

Mpiga_Kasia: Pole mkuu. Ila huyo jirani wa mwendokasi ndiye anayehitaji ushauri.

Darubini: Shemeji ana hoja, ingawa si yote. Damu ni majimaji, na mafuta na maji hayapatani. Lazima nyongo iyavunjevunje, kisha vimeng'enya vya kongosho viyakate, ndipo utumbo mwembamba uyanyonye. Sasa nyongo inakaa kwenye kifuko chake ikisubiri chakula chenye mafuta. Chai ya rangi haiiamshi. Yakishanyonywa, utumbo unayaunga upya na kuyafunga kwenye vifurushi vinavyoitwa kailomikroni. Hivyo havipiti ini kwanza kama sukari. Vinapanda kwa mishipa ya limfu na kumwagikia kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na bega la kushoto. Mtu akila chipsi kuku halafu akaja maabara, damu yake nikiizungusha kwenye mashine, maji ya juu yanatoka meupe kama tui. Kwani ulipima umefunga?

Mleta uzi: Nilifunga toka saa mbili usiku, mkuu.

Dada wa Dukani: Basi 3.2 ni yako kweli. Kaka, geuza kopo usome nyuma. Hiyo 1000 mg ni uzito wa mafuta yote. Kinachotafutwa ni EPA na DHA, yaani zile omega-3 zenyewe, na vidonge vingi vya kawaida vina 180 na 120, jumla 300. Dozi ya kushusha trigliseraidi ni gramu 2 hadi 4 za hizo mbili kwa siku, yaani vidonge saba mpaka kumi na tatu vya aina hiyo. USIJARIBU mwenyewe! Dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, daktari lazima ajue. Angalia pia kama ni aina ya ethili esta, yaani mafuta yaliyogeuzwa umbo kiwandani. Hiyo bila chakula chenye mafuta inanyonywa kidogo sana. Hamishia mchana, baada ya wali na mchuzi wa nazi. Hata kucheua kutapungua.

Darubini: Nyongeza. Baada ya kumeza, EPA na DHA huonekana kwenye damu ndani ya saa chache, lakini kukaa kwenye utando wa seli nyekundu za damu ni kazi ya wiki nyingi. Seli hizo huishi siku kama 120, kwa hiyo ukianza leo, usikimbilie kupima keshokutwa.

Mama Vibua: Mnahangaika na makopo, soko la samaki la Feri lipo. Vibua na dagaa wana mafuta hayohayo, tena wanakuja na chakula chao. Ila usiwakaange wakawa mkaa.

Mpiga_Kasia: Mkuu hujatuambia habari za bia. Ini linatengeneza trigliseraidi lenyewe kutokana na pombe na sukari.

Mleta uzi: Ijumaa tu jamani… na Jumapili kidogo. Soda ndiyo sijaacha.

Nimegeuza kopo: EPA 180, DHA 120. Chini yake, kwa herufi za kutafuta na tochi ya simu, wameandika kimezwe pamoja na chakula. Mke wangu ndiye aliyezisoma, mimi nilikuwa nimeshika tochi.