Zahanati kupata daktari wa wilaya kwa mtandao: ni lazima iwe vidio?

Mfawidhi_Kijijini

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Zahanati yetu ipo kilomita 46 kutoka hospitali ya wilaya. Barabara ya vumbi, na masika ikikolea magari hayapiti. Tabibu mmoja, wauguzi wawili, sola ya taa tu. Mtandao wa 4G upo ila unakuja na kuondoka.

Amejitokeza mfadhili anayetaka tufunge tiba mtandao ili mgonjwa aonwe na daktari wa wilaya bila kupanda bodaboda. Orodha yake ni televisheni ya inchi 43, kamera inayozunguka, kompyuta mpakato mbili na dishi la setilaiti. Ninachoogopa ni kubaki na televisheni ya kuangalia mpira. Wanaoijua mifumo hii naomba waniambie kipi kinunuliwe kwanza, MB ngapi zinaliwa, na mambo haya hukwama wapi. Wagonjwa wengi hapa ni wa presha na kisukari, watoto wenye homa na kikohozi, wajawazito, vidonda na ngozi.

Dawa_Chungu

Mkuu, mrudishie orodha yake. Kwa wagonjwa uliowataja, vidio ya moja kwa moja ndiyo ya mwisho kuhitajika. Daktari wa wilaya anataka namba sahihi, historia fupi na picha nzuri. Uso wa mgonjwa kwenye kioo, wenye mtandao unaokatika, haumwongezei kitu.

Anzeni na mtindo wa tabibu kwa daktari. Mgonjwa anabaki mikononi mwako, wewe unampima, unauliza kwa maandishi au kwa simu ya kawaida, unajibiwa, unatibu. Ujumbe uwe na umbo lilelile kila siku ili asiyejaza aonekane mara moja: umri, jinsia na uzito, tatizo na limeanza lini, vipimo vyote, alichopewa tayari na saa ngapi, dawa anazotumia na mzio, halafu mstari wa mwisho uwe swali moja. Swali hilo ndilo wengi wanaliacha. "Naomba ushauri" humfanya daktari aanze kukuhoji na nusu saa inapotea. "Je, niongeze dozi au nibadilishe dawa?" inajibika akiwa anatembea kati ya wodi.

Mfano:
"Mwanamke 58, kg 71. Presha kwa miaka 4. Leo 168/98, baada ya dakika tano 164/96, mkono wa kulia. Sukari ya kabla ya kula 6.1. Anatumia amlodipine mg 5 kila siku, hajaruka dozi. Hana maumivu ya kifua, haoni ukungu, miguu haijavimba. Niongeze hadi mg 10 au niongeze dawa ya pili?"

Mfumo wa namna hii hufa kwa sababu upande wa pili hakuna mtu. Kamera haihusiki. Namba ya simu inakuwa ya daktari mmoja mwenye moyo mzuri. Akienda likizo au akihamishwa, kila kitu kimekwisha. Kabla ya kununua hata chaja, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mkubaliane kwa maandishi mambo matatu: laini ya simu ni ya hospitali na inakabidhiwa zamu kwa zamu kama funguo za stoo, jina la daktari wa simu linaandikwa kwenye ratiba ya zamu kila wiki, na muda wa kujibu unajulikana, tuseme dakika 10 kwa jambo la haraka na kabla ya saa 10 jioni kwa mengineyo. Bila hayo, mwambie mfadhili asubiri.

Na wapo wasiongoja jibu la mtu. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hajitambui. Mjamzito anayetoka damu, au mwenye kichwa kinachouma sana na macho yanaona ukungu. Hao toa dozi ya kwanza ya kabla ya rufaa kwa mwongozo ulio nao, piga 115 ya m-mama (usafiri wa dharura wa akina mama na vichanga) kama ni mjamzito, aliyejifungua au kichanga, ndipo uarifu hospitali kwamba mgonjwa yuko njiani. Tiba mtandao inayomchelewesha mtu wa rufaa ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

fundi_umeme_jua

Naongezea hesabu, maana mwenzangu kaacha umeme.

Vidio ya ubora wa kawaida inahitaji kama kbps 500 kwenda na 500 kurudi. Zidisha kwa sekunde 60, gawa kwa 8: ni karibu MB 3.75 kila upande, yaani MB 7.5 kwa dakika. Mgonjwa mmoja wa dakika 15 anakula zaidi ya MB 110. Wagonjwa sita kwa siku, siku 22 za kazi, umefika GB 15 kwa mwezi. Ujumbe wa maandishi na picha tatu za MB 2 kila moja ni MB 6 tu kwa mgonjwa, na mtandao ukikatika unajituma wenyewe ukirudi. Vidio ikikatika imekatika.

Usipime mtandao mara moja ukaridhika. Pima asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima, na uandike kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Kinachotoka kwako kwenda wilayani ndicho kinachobana. Weka laini za mitandao miwili tofauti. Kama kuna 4G ya masafa ya chini (MHz 800) hufika mbali kuliko ya 1800, hivyo antena ya nje juu ya mlingoti, ikielekezwa mnarani, mara nyingi inamaliza tatizo ambalo mfadhili anataka kulimaliza kwa dishi. Waya wa antena uwe mfupi, kwa sababu kila mita inakula nguvu ya mawimbi. Na mlingoti ufungwe waya wa ardhini, radi za masika hazina adabu.

Umeme sasa. Ruta wati 10 kwa saa 10 ni Wh 100 (Wh ni wati mara saa). Simu na kishikwambi, weka Wh 40. Kompyuta mpakato moja wati 40 kwa saa 4 ni Wh 160. Jumla Wh 300. Betri ya asidi ya 12V yenye Ah 100 ina Wh 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Paneli ya wati 200 kwa saa 4.5 za jua kali, ukitoa asilimia 30 ya upotevu, inakupa kama 630. Inatosha, na siku moja ya mawingu unaivuka. Dishi la setilaiti hula wati 50 hadi 100 muda wote liko hewani. Chukua 75 kwa saa 10, ni Wh 750. Dishi peke yake limekumalizia betri kabla televisheni haijawashwa.

Onyo moja la herufi kubwa: kama mna jokofu la chanjo, USIGUSE sola yake. Majokofu mengi ya siku hizi hayana betri, yanaendeshwa moja kwa moja na paneli. Ukidokoa humo kuchaji simu, chanjo ndizo zitakazolipa. Isipokuwa kama jokofu limetoka kiwandani na tundu lake la kuchajia.

NesiMkunga

Jamani, mnaongelea waya na namba zenyewe hazijapimwa vizuri. Daktari aliye mbali anaamini ulichoandika, hana njia ya kukushtukia.

Presha: mgonjwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee, awe ametoka haja ndogo. Mkono ukining'inia namba inapanda. Kubwa zaidi ni kitambaa cha kufunga mkono. Cha kawaida ni kwa mkono wa mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mama mnene ukimfunga hicho utapata presha ya juu isiyokuwepo na daktari atamwongezea dawa kutoka mbali. Nunueni na kikubwa cha 32 hadi 42. Ni bei ndogo ukilinganisha na hiyo kamera inayozunguka.

Kupumua kwa mtoto: dakika nzima, mtoto ametulia, kwa saa yenye mshale wa sekunde. Chini ya miezi 2 ni haraka ikifika 60, miezi 2 hadi 11 ni 50, mwaka 1 hadi kabla ya 5 ni 40. Msihesabu sekunde 15 mkazidisha mara nne. Kosa la pumzi moja linageuka nne. Daktari akitaka kuona kifua kinavyobonyea, mrekodie kipande cha dakika moja mkitume. Vidio ya moja kwa moja kwenye mtandao dhaifu inarukaruka, na pumzi zinahesabika vibaya.

Oksimita, yaani kipimo cha oksijeni kwenye damu: ile ya kidole cha mtu mzima haifai kwa kichanga, tafuteni yenye kihisio cha mguuni. Rangi ya kucha itolewe. Huku pwani hina nyeusi inasumbua kipimo, jaribu kidole kingine kisichopakwa. Vidole vya baridi visuguliwe kwanza. Subiri namba itulie kama nusu dakika. Na kwa ngozi nyeusi mashine huelekea kuonyesha oksijeni nyingi kuliko ilivyo, kwa hiyo 92 kwa mtoto anayehema kwa shida isikutulize. Chini ya 90 ni rufaa bila mjadala.

Picha za ngozi na vidonda: karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, kitambaa cha rangi moja nyuma. Piga moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu kama sentimita 20 ikiwa na rula pembeni. Futeni lenzi, mafuta ya vidole yanaharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, basi andika kama panaunguza, pamevimba au pana harufu. Uso usiingie kama hauhusiki. Kwenye WhatsApp tuma kama hati badala ya picha, vinginevyo inabanwa na ukingo wa kidonda unapotea.

Mashine ya sukari: kabla ya kununua ulizia vijiti vyake duka la dawa la mjini kwenu. Kila mashine ina vijiti vyake. Kuna mashine za msaada zimejaa makabatini kwa sababu vijiti vyake haviuzwi nchini.

wa_Kakamega

Salamu kutoka Kenya. Huku, tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba na simu zenye eCHIS, mfumo wa kidijitali wa taarifa za afya ya jamii. Kilichoufanya ufae vijijini ni kwamba unafanya kazi bila mtandao: unajaza nyumbani kwa mgonjwa, data inapanda ukifika penye mawimbi. Programu yoyote utakayouziwa, ijaribu simu ikiwa haina laini ndani. Ikigoma kufungua fomu, usiinunue.

Jambo la pili ni nani mwenye mfumo. Rwanda walikuwa na Babyl, huduma ya kampuni ya kumpata daktari kwa simu, tangu 2016. Mtu alijisajili kwa *811# hata kwa simu ya vitufe, muuguzi akamchuja, daktari akampigia, kisha akatumiwa msimbo wa kuchukulia dawa au kupimwa. Mwaka 2020 serikali ilisaini nayo mkataba wa miaka 10. Kampuni mama ya Uingereza ilianguka 2023 na huduma ya Rwanda ikafungwa, ingawa watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wamejisajili. Huduma yenyewe ilitumika, sioni aibu yoyote pale. Ila ukitegemea kampuni moja, mwulize mapema: siku mkiondoka kumbukumbu za wagonjwa wetu tunazipata kwa umbo gani, na kwa siku ngapi?

Mfawidhi_Kijijini

Asanteni sana. Sasa kwa mnavyosema, WhatsApp inatosha? Tuna kundi la watumishi wa wilaya, watu kama 80, huwa tunaulizana humo.

Dawa_Chungu

Humo hapana, kabisa. Ujumbe wa WhatsApp unalindwa ukiwa njiani, lakini ukifika kwenye simu 80 ulinzi umekwisha: picha zinajihifadhi kwenye galari, mtoto wa mtu anafungua simu, mtumishi aliyehama bado yumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na taasisi inayozikusanya inatakiwa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulize Mganga Mkuu kama usajili wa halmashauri unawagusa ninyi.

Kama WhatsApp ndiyo iliyopo kwa kuanzia, basi iwe simu ya zahanati kwa simu ya hospitali, mbili tu, zenye namba ya siri, na mpangilio wa kuhifadhi picha kwenye galari umezimwa. Jina lisiandikwe, tumia namba ya mgonjwa ya rejista. Mgonjwa aombwe ridhaa kwa Kiswahili cha kawaida, "nitatuma picha ya kidonda chako kwa daktari wa wilaya, unakubali?", asaini au aweke dole gumba. Ushauri ukija, nakili kwenye faili au GoTHOMIS (mfumo wa serikali wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa) saa hiyohiyo pamoja na jina la daktari na saa. Usiponakili, kesho hakuna anayejua nani alisema mg 10.

Ukimrudia mgonjwa kwa SMS usitaje ugonjwa. Simu nyingi vijijini ni za nyumba nzima. "Tafadhali fika zahanati Jumanne" inatosha.

NesiMkunga

Na stoo! Kila Jumatatu tuma wilayani dawa mlizonazo. Orodha ya taifa ya dawa muhimu imegawa ngazi, ninyi zahanati ni ngazi A, na daktari aliyezoea ngazi C ya hospitali ya wilaya atakuandikia kitu ambacho Bohari ya Dawa haikuletei. Mgonjwa ataishia kupanda ile bodaboda mliyotaka kumwondolea, safari hii akitafuta dawa.

fundi_umeme_jua

Orodha mpya ya mfadhili basi: simu janja mbili zenye kamera nzuri (moja akiba), kishikwambi kimoja, ruta na antena ya nje, laini mbili, paneli ya wati 200, kidhibiti chaji, betri ya Ah 100, mashine mbili za presha na vitambaa viwili kila moja, oksimita yenye kihisio cha mtoto, mashine ya sukari yenye vijiti vinavyouzwa mjini kwenu, rula. Zikibaki fedha zisiende kwenye televisheni, tenga za betri nyingine baada ya miaka mitatu. Na bando la mwaka mzima aliweke kwenye mkataba, maana hilo ndilo huwa linakatika mwezi wa nne.